Shusha nini? Ngeli ya KI-VI na vibao vya kusawazisha mashua ya uvuvi

MASHUA za faiba zinazosukumwa na mashine za kufungwa nyuma zimekuja na msamiati wao katika Pwani ya Kenya. Mojawapo ya maneno hayo ni 'trimu'. Hebu zizingatie sentensi hizi tatu ambazo baharia anaweza kuzitamka kabla ya jua la mchana: "Ongeza trimu kidogo." "Trimu ya kushoto imekwama." "Mashua hii haina trimu leo." Msikilizaji wa bara atadhani ni kitu kimoja kinachotajwa mara tatu. Sivyo. Sentensi ya kwanza yahusu pembe ya mashine, yaani jinsi inavyoinamishwa kuelekea mashua au kusukumwa mbali nayo. Ya pili yahusu kibao cha chuma kilichofungwa nyuma ya mashua. Ya tatu haihusu kifaa chochote. Inaeleza namna mashua inavyokaa majini.

Huo ni ukungu wa maana uliomo katika Kiingereza chenyewe, nasi tumeukopa pamoja na neno. Katika makala haya nitaeleza vibao hivyo ni nini na hufungwa vipi, kisha nidai kwamba jina tutakalovipa lina uzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu sarufi ya Kiswahili ina uwezo wa kuondoa utata huo tukiiachia nafasi. Hii si anasa ya wanaisimu. Amri ya baharini hutolewa kwa maneno mawili au matatu, upepo ukivuma na mashine ikinguruma, na anayeipokea hana fursa ya kuuliza, "Unamaanisha trimu ipi?"

Tuanze na mashua yenyewe. Mwambao wetu umerithi majina ya sehemu za chombo ambayo hayahitaji kukarabatiwa. Mbele ni omo, na ncha yake ni gubeti. Nyuma ni tezi au shetri. Uti wa chini ni mkuku, mbavu ni mataruma, na pale chini kabisa ndani, maji machafu yanapojikusanya, ni ngama. Mwanafunzi wa sekondari anaijua methali ya kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ingawa ukimwomba akuonyeshe ngama kwenye chombo huenda akakuonyesha mlingoti. Ndivyo lugha ilivyo. Wangapi husema mambo yameenda mrama bila kujua kwamba mrama ni ule uyumbaji wa chombo kinachopigwa na mawimbi?

Mashua ndogo ya faiba, tuseme ya futi 22, ina tatizo la kimaumbile. Mashine yote iko shetrini. Tangi la mafuta liko huko huko, na mara nyingi nahodha na sanduku la barafu pia. Mashua ikianza kukaza mwendo, tezi inazama, omo inapanda kama farasi aliyeshtuka, na nahodha haoni mbele. Mashine inachoma mafuta mengi kuusukuma mlima wa maji ambao mashua yenyewe imejitengenezea. Mashua ya namna hii imeundwa ili ipande juu ya maji na kuteleza. Isipofika hapo inalima badala ya kuteleza. Tena kuna suala la kulalia upande. Wavuvi wawili wakisimama kulia kuvuta mshipi, au samaki wakirundikwa upande mmoja, mashua huinama upande huo na kwenda hivyo hivyo hadi nchi kavu.

Wazee wetu walilijua tatizo hili kabla ya mashine kuzuliwa, na walikuwa na neno la dawa yake: farumi. Farumi ni uzito unaotiwa ndani ya chombo, mawe au mchanga, ili kisipinduke na kikae sawa. Nahodha wa jahazi lisilo na shehena hakuthubutu kutweka tanga bila farumi. Ngalawa nayo ilipata dawa tofauti, ndubi, yaani vile vibao vinavyoelea ubavuni mwake vikishikiliwa na miti inayoitwa marengu. Kwa hiyo dhana ya kukisawazisha chombo si ngeni kwetu hata kidogo. Kilicho kigeni ni kifaa tu.

Kifaa chenyewe ni sahili. Ni vibao viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja kila upande wa mashine, vilivyofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa chini wa ubao wa shetri. Kila kibao kina mkono unaokisukuma chini au kukivuta juu. Mikono mingine husukumwa na mafuta yanayotoka kwenye pampu, mingine na mota ndogo ya umeme wa betri. Kibao kikishuka, maji yanayopita chini ya mashua yanakigonga na kugeuzwa kuelekea chini. Maji yakisukumwa chini, tezi nayo husukumwa juu. Tezi ikipanda, omo hushuka. Kibao cha kulia kikishuka peke yake, upande wa kulia wa shetri huinuka, na mashua iliyokuwa imelalia kulia hukaa sawa.

Hapa pana tofauti moja na ndubi ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa kabla hajatoa pesa. Ndubi hufanya kazi hata ngalawa ikiwa imesimama, kwa kuwa huelea. Vibao hivi havielei. Hutegemea maji yanayokimbia chini yake. Mashua ikisimama kwenye mwamba wa samaki, au ikienda polepole, ni vyuma vinavyoning'inia tu. Mwenye dau la mbao lenye mashine ya nguvu za farasi 15, chombo ambacho hakijaumbwa kuteleza juu ya maji, atapata faida ndogo mno. Huyo namshauri bila malipo arudi kwenye hekima ya farumi: asogeze sanduku la barafu na madumu ya mafuta mbele, kisha aangalie omo inavyokaa. Hata mwenye mashua ya faiba afanye hivyo kwanza.

Tumwendee sasa fundi. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana ni kwamba kila kibao kiwe na upana wa inchi moja kwa kila futi ya urefu wa mashua. Mashua ya futi 22, basi, inahitaji kibao cha inchi 22 hivi kila upande, ikiwa shetri ina nafasi. Kibao kisifike kwenye ukingo wa nje kabisa. Huachwa inchi 3 au 4, vinginevyo mashua ikikata kona kitachota maji na kuivuta upande. Kisiikaribie mno rafadha pia, kwa kuwa maji yaliyovurugwa hujaa hewa, na rafadha inayozunguka ndani ya hewa haina inachokishika. Neno hili rafadha limo katika kamusi lakini wengi wanasema propela, nami sina ugomvi nao. Kipimo kamili cha nafasi hizo kimo katika kijitabu cha mtengenezaji na ndicho cha kufuatwa. Nitarejea kwenye vijitabu.

Mahali panapoharibika ni matundu. Fundi akichukua keekee na kupekecha ubao wa shetri, anafungua njia ya maji. Mashua nyingi za faiba zina mbao katikati ya tabaka mbili za faiba, na skrubu za bawaba ziko chini ya usawa wa maji. Tundu lisilozibwa vizuri litapitisha maji polepole hadi mbao zioze, na siku moja mwenye mashua ataiona mashine yake ikicheza kwenye shetri iliyolainika kama muhogo wa kuchemsha. Kwa hiyo kila tundu hujazwa gundi ya baharini kabla ya skrubu kuingia, na skrubu huwa za chuma kisichoshika kutu.

Msomaji aliyekulia karibu na maunda ya majahazi atasema hiyo ni kalafati. Kwa maana fulani ni kweli. Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, ikigongwa hadi ikaze. Gundi ya kisasa haigongwi, lakini kazi ni ile ile ya kuyaambia maji hakuna njia. Sioni kwa nini fundi asimwambie mwanagenzi wake, "Kalafati hayo matundu kwanza." Kitenzi kipo na kinaeleweka. Kinachohitajika ni kukipanulia maana, jambo ambalo lugha hufanya kila siku. Neno simu lilikuwa na maana ya waya lilipotoka Kiajemi, na leo twabeba mfukoni simu isiyo na waya bila kuona ajabu yoyote.

Baada ya matundu, waya hupitishwa hadi kwenye betri kupitia fyuzi, na kipande cha zinki hufungwa kwenye vibao ili maji ya chumvi yakile badala ya kula chuma. Kisha swichi huwekwa karibu na usukani. Swichi hizo ndizo zinazoturejesha kwenye lugha.

Katika aina nyingi, swichi haitaji kibao. Hutaja omo. Ukibonyeza sehemu ya kushoto iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba omo ishuke, kibao kinachoshuka ni cha kulia! Watengenezaji walifikiri hivi: nahodha hajali kibao kinafanya nini huko nyuma, anajali mashua inavyokaa. Akitaka omo ya kushoto ishuke, abonyeze kushoto, nazo nyaya zitajua la kufanya. Ni fikra nzuri kwa anayesoma maandishi yale na kuyaelewa. Kwa ambaye ameambiwa tu "hii ni trimu ya kushoto", ni mtego. Ataibonyeza akitarajia kibao cha kushoto kishuke, aone mashua inazidi kulala, na aamini kwamba kifaa ni kibovu au fundi ameunganisha waya vibaya.

Sasa tuichunguze amri yenyewe. Tuseme nahodha amesimama mbele akitazama mwamba, na kijana wake ameshika usukani.

"Shusha, shusha!" anapaza sauti.

"Nishushe nini, nahodha?"

"Trimu!"

Kijana ana vitu vitatu vya kushusha. Anaweza kushusha mashine. Anaweza kushusha vibao. Anaweza kushusha omo, ambayo maana yake ni kuinua tezi. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mashua ikikaribia kina kifupi, nahodha husema "inua" ili rafadha isigonge jiwe. Ikiwa mashine na vibao vyote vinaitwa trimu, "inua trimu" inaweza kumfanya kijana avute vibao juu huku mashine ikibaki chini, na rafadha ikakutana na mwamba. Kila mvuvi anajua bei ya rafadha.

Au chukua mlango wa mwamba wakati wa kusi, mashua ikirudi na mawimbi yakiisukuma kutoka nyuma. Wakati huo vibao vinatakiwa viwe juu kabisa. Vikiachwa chini, tezi huinuliwa na kibao na kuinuliwa tena na wimbi, omo inajichimbia ndani ya maji, na mashua inaweza kugeuzwa ubavu na kupinduliwa. Kinyume chake, mashua ikielekea kwenye wimbi, kushusha vibao kidogo huifanya omo ikate maji badala ya kupigapiga juu yake. Amri mbili, safari moja, na tofauti kati yazo ni neno.

Tofauti hiyo sarufi yetu inaweza kuibeba bila kurefusha amri, kwa kutumia kiambishi cha yambwa. Mashine iko katika ngeli ya I-ZI: mashine hii, ishushe. Neno trimu, kama maneno mengi yaliyotoholewa, limeingia ngeli hiyo hiyo: trimu hii, ishushe. Matokeo ni kwamba 'ishushe' haitofautishi kitu. Lakini kifaa hiki kikipewa jina la ngeli ya KI-VI, mambo yanabadilika papo hapo. "Ishushe" ni mashine. "Kishushe" ni kibao kimoja. "Vishushe" ni vyote viwili. Silabi moja, tena ya kwanza, imemweleza kijana ashike swichi ipi na vibao vingapi. Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Sisi tunacho tangu tulipojifunza kusema, nasi twaenda kukopa neno linalokizima!

Kwa hiyo swali la jina si la mapambo. Nimewahi kuona mapendekezo ya istilahi yakijadiliwa kana kwamba ni mashindano ya urembo, neno lipi lasikika la Kibantu zaidi na lipi limeiga Kiarabu. Vigezo vya fundi na nahodha ni vingine. Jina litamkike haraka, lisifanane na jina la kifaa jirani, na mwanagenzi akilisikia mara ya kwanza aweze kukisia kazi yake.

Njia ya kwanza ni utohozi: trimutabu. Hapo pana kichekesho. Wavuvi wenyewe watauliza iwapo wanauziwa kifaa ama tabu. Jina linalomfanya mnunuzi acheke kabla hajaelewa halitafika mbali, na zaidi ya hayo linaanguka I-ZI, kule kule tulikokuwa tunakimbia.

Njia ya pili ni kuazima jina la mnyama au ndege kwa mfanano: mapezi ya shetri, au mabawa. Picha ni nzuri. Ila pezi la samaki humsaidia kuogelea na kugeuka, na tayari mashine yenyewe ina kipande cha chuma juu ya rafadha ambacho mtu anaweza kukiita pezi bila kukosea. Bawa nalo huleta fikra ya kupaa, na huku kazi kuu ya kifaa hiki ni kuishusha omo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea: unyambulishaji kutokana na kazi. Kutoka sawa twapata sawaza, kutoka sawaza twapata sawazisha, na tukitia ki- mwanzoni na -i mwishoni twapata kisawazishi, wingi visawazishi. Muundo huo tunao katika maneno mengi ya vifaa. Ni silabi tano, najua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katika amri jina halitamkwi. Hutamkwa ki- na vi- pekee. Jina refu hukaa kwenye stakabadhi ya duka na katika somo la mafunzo.

Iwapo kuna haja ya kubainisha mahali, tuseme kisawazishi cha shetri. Nashauri shetri wala si tezi, ingawa kwa mabaharia maneno hayo yanakaribiana. Visawazishi vya tezi vitampeleka msikilizaji hospitalini, kwa kuwa kwa wengi wa Wakenya wa leo tezi ni kiungo cha mwili kabla ya kuwa nyuma ya chombo.

Na pembe ya mashine je? Hapa hatuhitaji nomino mpya kabisa. Tunavyo vitenzi: inua mashine, inamisha mashine. Neno trimu kwa maana ya hali ya mashua nalo laweza kuachwa lipumzike. Mashua imekaa sawa, imelalia kulia, imeinua omo. Ukiyasema haya kwa mvuvi wa Vanga au wa Kiunga hatakuomba kamusi.

Visawazishi huwa haviji peke yake. Mwenye mashua akishafungua mkoba huongeza na vifaa vingine, na kila kimoja kina kisa chake cha lugha. Chukua kile chombo chenye kioo kinachoonyesha kina cha maji na madoa ya samaki. Wauzaji hukiita, kwa kufuata Kiingereza, kitafutasamaki. Ni jina linaloahidi kisichokuwepo. Chombo hicho hakitafuti kitu. Hutuma sauti kuelekea chini kwa kihisi kilichofungwa shetrini, husubiri mwangwi, na hupima muda. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde, sakafu ya bahari iko mita 15 chini. Chochote kilicho katikati, samaki, mwani au mapovu, hurudisha mwangwi wake. Kusoma madoa hayo ni ujuzi wa mvuvi na chombo hakijui kambare ni nini. Mtu anayeuziwa kitafutasamaki akakosa samaki atahisi ameibiwa. Anayeuziwa kipimakina atajua alichonunua.

Wahenga wa bahari walipima kina kwa bildi, kamba yenye risasi mwishoni, na hesabu yao ilikuwa kwa pima, urefu wa mikono iliyonyooshwa, takriban futi 6. Mita 15 zile ni pima 8 na ushei. Jambo la kufurahisha ni kwamba vipimakina vingi vinaweza kuwekwa vionyeshe futi, mita au kipimo cha Kiingereza ambacho ni hiyo hiyo pima. Nahodha aliyerithi kwa babake kwamba changu wanakaa pima 12 hana haja ya kugeuza hesabu kichwani. Abadilishe tu mpangilio wa chombo. Lakini ni nani aliyemwambia? Neno lililoandikwa pale kwenye kioo ni la Kiingereza, na hakuna anayelihusisha na pima aliyoizoea. Na kwa fundi, tahadhari moja: kihisi kisifungwe nyuma ya kisawazishi, kwa kuwa mapovu yatajaza kioo samaki wasiokuwepo.

Redio ya mawasiliano na jipiesi sitavisemea sana. Jipiesi limekwisha kukubalika, na anayetaka kulibadilisha atapoteza muda wake kama waliotaka kompyuta iitwe ngamizi. Kwa redio, lililo muhimu ni kwamba chaneli ya 16 ni ya dharura na ya kuitana duniani kote. Hilo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pembeni mwa redio yenyewe.

Nimeahidi kurejea kwenye vijitabu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hiyo. Ukiviweka vifungu hivyo viwili kando kwa kando, ni vigumu kueleza kwa nini mvuvi anunue kifaa cha kutoboa shetri yake na apewe kijitabu cha Kiingereza, Kijapani na Kichina pekee. Wauzaji watasema soko ni dogo na tafsiri ni ghali. Kwa kifaa kama hiki kurasa nne zinatosha: namna ya kupima, namna ya kukalafati matundu, swichi inataja omo na si kibao, na vibao viwe juu mawimbi yanapotoka nyuma. Mtafsiri mmoja akikaa siku mbili na fundi mmoja ataimaliza.

Ninasema akae na fundi kwa makusudi. Istilahi nyingi tulizonazo zimeundwa mezani, zikachapishwa, na zikabaki vitabuni. Za baharini zinaweza kuanza ufuoni, katika vile vitengo vya usimamizi wa fuo ambavyo wavuvi tayari wamejisajili humo, ambako neno hupimwa kwa kutumiwa. Yamkini mabaharia wa Lamu watakikataa kisawazishi na kuleta neno lao. Likiwa na ki- mwanzoni, mimi nitalipokea mara moja.

Lipo suala moja ambalo ki- haiwezi kulitatua. Swichi zina upande wa kushoto na wa kulia, na mabaharia wa Kiingereza wana maneno maalumu ya pande hizo yasiyobadilika hata mtu akigeuka. Sisi tuna joshi na demani, lakini hayo hufuata upepo unakotoka, na upepo ukigeuka nayo hugeuka. Kulia kwa anayetazama omo ni kushoto kwa anayetazama tezi akivuta jarife. Njia ya haraka ni kukubaliana kwamba kulia na kushoto ndani ya mashua ni vya anayetazama omo, nukta, na kuandika hivyo karibu na swichi: OMO YA KUSHOTO CHINI, OMO YA KULIA CHINI, kwa rangi isiyofutwa na maji ya chumvi.